BUSTANI KARIBU NA MULANGO
Namna ya kugeuza kiwanja cha nyumba ili kisaidie watoto

Kuna ugonjwa unaoweza kupona hospitali na kurudi tena nyumbani. Ni ugonjwa wa bwaki. Mutoto anafika na miguu ya kuvimba. Nywele zake zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabanduka, uso ni wa huzuni. Hataki kucheza, hataki kula. Waganga wanamupa maziwa ya dawa, wanamulinda usiku na muchana, na nyuma ya majuma machache anacheka tena. Mama anafurahi, anamufunga mugongoni, wanakwenda zao. Lakini nyumbani sahani ni ile ile: bugali ya muhogo muchana, bugali ya muhogo mangaribi. Kama sahani haikugeuka, miguu inaweza kuvimba tena.

Watu wa Bushi, karibu na Ziwa Kivu, ndio wanaouita ugonjwa huu bwaki. Katika vitabu vya waganga unaitwa kwashiorkor. Jina hili linatoka katika lugha ya Waga wa inchi ya Ghana. Munganga mwanamuke, Cicely Williams, alilisikia kwa wamama wa kule, akaliandika kwa waganga wote katika mwaka wa 1935. Maana yake ni ugonjwa wa mutoto aliyeondolewa kifuani wakati mudogo wake anapozaliwa. Wamama wale waliona neno la kweli: mutoto anaacha maziwa ya mama, na hakuna chakula chenye nguvu kinachoshika nafasi yake.

Sababu za bwaki ni nyingi: chakula cha namna moja tu, kuharisha, surua, mimba zinazofuatana upesi. Bustani haimalizi sababu hizi zote. Lakini kuna sababu moja inayoanza kwenye mulango wa nyumba yako, na mikono yako inaweza kuigeuza. Ni kiwanja kitupu. Leo tuseme juu ya kiwanja hiki.

Kwanza, neno tusilolisahau: bustani si dawa. Mutoto aliyevimba miguu, au aliyekonda sana, apelekwe hospitali siku ile ile. Usingoje lenga-lenga ziote. Waganga wanapima mukono wake na utepe wa rangi. Kama mutoto ana miezi 6 hata miaka 5, na mukono wake wa juu hautimizi sentimeta 11 na nusu, yuko katika rangi nyekundu, ni hatari. Hospitali inaponya. Bustani inasaidia mutoto aliyepona asirudi, na mudogo wake asishikwe kamwe.

JUU YA NINI KARIBU NA MULANGO?

Watu wengine wanasema: «Tuna shamba letu kule mulimani. Tunataka bustani kwa kazi gani?» Shamba ni jema, usiliache. Lakini shamba liko mbali. Mama anatoka asubuhi na jembe, anarudi na muzigo wa kuni na muhogo, jua linashuka. Hana nguvu za kurudi kutafuta mboga. Tena, tangu vita vya mwaka wa 1996, mara nyingi katika Kivu njia za mashamba hazikuwa salama, na wamama waliogopa kwenda mbali. Mboga zilizo hatua kumi kutoka jiko zinachunwa wakati maji yanaanza kutokota. Hakuna njia ya kuogopa, hakuna feza ya kutafuta.

Ng'ambo ya Ziwa Kivu, katika inchi ya Rwanda, watu wanaita bustani ya namna hii akarima k'igikoni, ni kusema shamba dogo la jikoni. Jina lile linafundisha vema. Bustani hii ni sehemu ya jiko, sawasawa sufuria na mawe ya moto.

Wala si kilimo cha lazima kama pamba ya wakati wa Wabeleji. Hakuna atakayekuja kuhesabu mistari yako. Ni ya watoto wako.

TEMBEA, UANGALIE KIWANJA CHAKO

Kabla ya kukamata jembe, zunguka nyumba polepole pamoja na jamaa yako. Angalieni maneno manne.

1. Maji yanakwenda wapi? Angalia pahali pa kuoshea sahani, pahali pa kuogea, na pahali ambapo maji ya mvua yanaanguka kutoka dari. Pale udongo una maji hata wakati wa jua.

2. Taka zinatupwa wapi? Maganda ya ndizi, majani ya maharagi, majivu, mavi ya mbuzi na ya kuku: vyote hivi ni mbolea iliyolala.

3. Jua linafika wapi? Mboga zinataka jua kwa saa nyingi. Chini ya migomba minene hazitasitawi.

4. Choo kiko wapi? Bustani isiwe karibu na choo, wala chini yake kwenye muteremuko, maana mayai ya minyoo yanashuka na maji ya mvua.

Nyuma ya kuzunguka hivi mutajua nafasi ya bustani yenu. Musianze na kiwanja chote. Tuta moja la upana wa metre 1 na urefu wa metre 4 au 5 linatosha kwa mwanzo. Likiwa pana zaidi, mikono haitafika katikati, na mutakanyaga udongo mulioulima.

UDONGO NI MUGUMU KAMA JIWE

Ni kweli. Kiwanja kilichofyagiwa na kukanyagwa kwa miaka mingi kimekuwa kigumu. Lakini udongo ule haukufa, una njaa tu. Fanyeni hivi:

Mulime tuta hata sentimeta 30 kwenda chini. Kazi hii ni nzito. Inafaa baba na vijana waifanye, si mama peke yake. Udongo mweusi wa juu uwekwe upande mumoja, usichanganywe na ule mwekundu wa chini. Chini mutie majani makavu na maganda ya migomba, kisha murudishe udongo mweusi juu pamoja na mavi ya mbuzi yaliyooza. Mavi mabichi, zaidi ya kuku, ni makali, yanaunguza mizizi. Yaache kwanza yaoze. Mavi ya watu yasitiwe katika bustani kamwe.

Kama kiwanja chenu kiko kwenye muteremuko, tuta likate muteremuko, lisishuke nao. Upande wa chini mupande mustari wa majani marefu. Mvua za Kivu zina nguvu. Zikipata tuta lililoshuka na mulima, zitachukua udongo na mbegu zenu zote na kuzipeleka ziwani.

Kando ya tuta muanze lundo la mbolea. Upana wake ni metre 1, na urefu wake ni metre 1. Panga majani makavu, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha mavi ya nyama wa kufugwa, kisha udongo kidogo. Nyunyiza majivu, lakini machache tu. Rudia hivi hata lundo litimie. Limwagie maji liwe kama kitambaa kilichokamuliwa, kisha lifunike na majani ya migomba. Chomeka fimbo katikati. Nyuma ya siku chache, itoe na kuishika. Kama ina moto, mbolea inapikwa vema. Kama ni baridi na kavu, ongeza maji. Geuza lundo kila majuma mawili au matatu. Kwa miezi mitatu hivi inakuwa nyeusi, na harufu yake ni ya udongo wa pori.

MAJI YAFANYE KAZI MARA MBILI

Katika Kivu ya kusini jua kali ni tangu mwezi wa 6 hata mwezi wa 8. Ndipo mboga zinakuwa ghali sokoni, na watoto wanazikosa. Lakini hata wakati ule mama anateka maji kila siku. Maji yaliyoosha mboga, sahani na mikono yasimwagwe njiani. Yaweke katika ndoo, na mangaribi uyamwage polepole chini ya mimea, si juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kufulia usiyatie.

Kisha funika udongo kati ya mimea na majani makavu. Udongo uliofunikwa hauchomwi na jua, maji yanakaa ndani siku nyingi, na magugu hayapati nafasi. Mutu anafunika mutoto wake usiku. Udongo nao uufunike muchana.

TUPANDE NINI?

Mutu asipande yale tu ambayo jirani amepanda. Aulize: mwili wa mutoto unakosa nini? Katika bustani ndogo tutafute mimea ya namna tatu.

Ya kwanza ni majani mabichi yenye rangi nzito, pamoja na matunda na viazi vyenye rangi ya karoti. Hivi vinalinda macho. Mutoto anayekosa chakula hiki siku nyingi anaanza kujigonga kwenye vitu wakati wa giza la jioni, wakati wenzake wanaona vema. Akiachwa, anaweza kupofuka kabisa, na magonjwa kama surua yanamushinda upesi. Panda lenga-lenga. Mbegu zake ni ndogo sana, basi zichanganye na muchanga mukavu kabla ya kuzimwaga katika mistari, zisirundikane. Nyuma ya majuma matatu au manne utaanza kula. Usingʼoe yote. Mingine uikate juu kidogo ya udongo, itachipuka tena. Miwili mikubwa uiache itoe mbegu. Panda sehemu ndogo kila majuma mawili, usikose mboga kati.

Viazi vitamu vya rangi ya karoti ndani ni vyakula vizuri kupita vile vyeupe kwa macho. Katika mwaka wa 2016 watu wanne waliofanya kazi ya kuongeza chakula chenye nguvu namna hii, Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa zawadi kubwa ya chakula ya dunia, na viazi hivi vilikuwa sehemu kubwa ya kazi yao. Kata kamba za urefu wa sentimeta 30, na sehemu kubwa ya kila kamba uifukie. Viazi vinakomaa kwa miezi mitatu hata mitano, lakini majani yake, matembele, utayala mbele ya hapo. Uliza agronomu au jirani mwenye kamba za namna hii.

Namna ya pili ni vyakula vya kujenga mwili: maharagi, soya na karanga. Maharagi ya kupanda juu ya fimbo yanafaa kiwanja kidogo, maana yanatumia nafasi ya juu. Yana faida nyingine pia. Katika mizizi yake kuna vifundo vidogo, na ndani yake vijidudu visivyoonekana vinakamata azoti kutoka hewa na kuipa mimea. Ukivuna, uache mizizi katika udongo. Mboga zitakazofuata zitapata faida.

Namna ya tatu ni matunda. Mupapai mumoja au miwili kwenye pembe ya kiwanja unatosha jamaa. Tia mbegu tatu au nne katika shimo moja. Miti ikitoa maua, utatambua ile ya kiume isiyozaa. Ikate, uache yenye kuzaa. Mupapai unaweza kuzaa karibu na kutimiza mwaka mumoja, lakini pahali pa baridi unakawia zaidi. Marakuja apande juu ya lupango. Avoka anakawia miaka, lakini anayempanda leo anawasaidia wajukuu.

KWA WALE WASIO NA NAFASI

Katika miji kama Bukavu na Goma nyumba zinagusana, na pengine chini ni mawe meusi ya volkano. Hata hapo kuna njia. Kamata mufuko wa zamani wa muchele au wa unga. Kamata tena mukebe mukubwa uliotobolewa pande mbili. Weka mukebe katikati ya mufuko, uujaze na mawe madogo, kisha ujaze udongo wenye mbolea kuuzunguka. Vuta mukebe juu polepole, ujaze mawe tena, ujaze udongo tena, hata mufuko ujae. Sasa mawe yamesimama katikati kama nguzo. Maji ukiyamwaga juu yao yatafika chini. Toboa matundu madogo pande zote za mufuko, na ndani yake upande lenga-lenga au vitunguu. Juu panda tomati. Mufuko mumoja unashika nafasi ya kiti kimoja tu.

KUKU, MBUZI, NYOKA NA MBU

Kuku mumoja anaweza kuharibu kazi ya mwezi kwa asubuhi moja. Lupango ni lazima. Tumia matete, fimbo, au matawi yenye miiba. Yakatwe marefu, yasimamishwe karibu karibu, yafungwe na kamba za migomba. Mbuzi afungwe. Baba na watoto wakubwa wanaweza kumaliza kazi hii siku moja.

Wazee wengine wanasema kiwanja kikiwa na majani, nyoka na mbu watakuja. Wanasema neno la akili, tuwasikilize. Wazee walifyagia kwa sababu walitaka kuona nyoka kabla ya kumukanyaga. Basi, mbele ya mulango na njia ya choo zifyagiwe kama zamani. Bustani iwe upande mumoja, mistari yake iwe wazi, magugu yangʼolewe, na mawe yasirundikwe. Na mbu? Mbu wa malaria hawazaliwi na majani ya lenga-lenga. Wanazaliwa katika maji yaliyosimama. Angalia mashimo mulimotoa udongo, na mujaze yote. Mikebe, matairi na mitungi iliyovunjika vinazaa mbu wengine wenye magonjwa yao: pindueni vyote. Na kila mutu alale chini ya chandarua.

KUTOKA BUSTANI HATA KINYWA CHA MUTOTO

Hapa kazi nyingi zinapotea. Bustani ni nzuri, mboga ni nyingi, na mutoto anakonda. Kwa nini? Kwa sababu mboga zote zilikwenda sokoni, au sahani ilikuwa moja, na wakubwa walikula upesi kupita mudogo. Basi tufuate haya:

1. Mutoto apewe maziwa ya mama tu, bila kitu kingine, hata atimize miezi 6. Kisha aanze vyakula vingine, huku akiendelea na maziwa ya mama hata miaka 2 na kupita.

2. Awe na sahani yake mwenyewe. Mama aone ni kiasi gani amekula.

3. Uji au bugali isiwe peke yake. Tia lenga-lenga zilizopikwa na kupondwa, maharagi yaliyopondwa, au unga wa karanga zilizokaangwa. Karanga zenye uvundo zitupwe, zina sumu. Kama kuna yai au sambaza wachache, wa kwanza kuwapata ni mutoto mudogo na mama mwenye mimba.

4. Tia kijiko cha mawese, maana mafuta yanasaidia mwili kupokea chakula cha macho kilicho katika mboga. Mawese yabaki mekundu. Ukiyachoma hata yawe meupe, umeharibu faida yake.

5. Lenga-lenga zioshwe kabla ya kukatwa, na zipikwe dakika chache tu. Lakini sombe ni tofauti. Ipondwe vema, ichemushwe kwa muda murefu bila kufunikwa, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu.

6. Jamaa wale kwanza, kisha kinachobaki kiuzwe. Na feza ya mboga inunue kile bustani isichotoa: chumvi, mafuta, samaki.

Neno moja kwa wababa. Katika nyumba nyingi mama analima, anateka maji, anatafuta kuni, anapika, naye pengine ana mimba. Ukimwachia bustani nayo, umemuongezea muzigo, na bustani itakufa pamoja na nguvu zake. Lima tuta. Jenga lupango. Teka bidoni moja la maji. Mwanaume hapunguki heshima kwa kubeba maji ya mboga. Anapunguka heshima mutoto wake akikaa na njaa karibu na udongo mutupu.

KAZI YA MIEZI MITATU

Juma la kwanza: chagueni nafasi, mulime tuta, muanze lundo la mbolea. Juma la pili: lupango, kisha mupande lenga-lenga, maharagi na kamba za viazi. Juma la nne: pandeni lenga-lenga tena, mugeuze lundo, mungʼoe magugu. Juma la sita: lenga-lenga za kwanza zinafika katika sahani ya mutoto. Mwezi wa tatu: maharagi yanavunwa, mbolea imeiva, na muko tayari kwa tuta la pili. Mwanzo wa mvua, katika mwezi wa 9, ni wakati muzuri wa kuanza. Lakini mwenye maji ya jikoni anaweza kuanza juma hili.

MAULIZO

1. Maji uliyoosha nayo sahani leo asubuhi yako wapi sasa?
2. Mutoto wako mudogo alikula nini jana pamoja na bugali?
3. Kwa nini mavi mabichi ya kuku hayatiwi karibu na mimea?
4. Katika kiwanja chako, ni pahali gani mbu wanaweza kuzaliwa?
5. Ukiona miguu ya mutoto imevimba, utafanya nini kwanza: utapanda mboga, au utamupeleka hospitali?
6. Nani katika nyumba yako atalima tuta la kwanza, na siku gani?